Waziri wa Funguo na Kura ya Saba

Mheshimiwa mbunge wetu na mgeni rasmi wa leo, Mwenyekiti wa bodi ya shule pamoja na wajumbe wako, ambao nimefurahi kuona mmekuja wote bila hata mmoja kutoa udhuru, Mwalimu mkuu, walimu wenzangu mnaobaki na chaki, wazazi na walezi, wahitimu wa miaka yote, wanafunzi mliojibanza nyuma mkidhani siwaoni, na wewe baba watoto, uliyeahidiwa kwamba hotuba hii itakuwa fupi: habari za mchana.

Nimepewa dakika kumi. Mshereheshaji amenijia sikioni, akanionyesha saa yake ya mkononi, tena kwa heshima kubwa. Nami nimemjibu kwa heshima ileile kwamba mtu aliyekaa miaka thelathini na nne akiwaambia wenzake "muda wako umekwisha, mheshimiwa, kaa chini," anastahili naye kupitiliza angalau mara moja kabla hajaenda nyumbani. Kwa hiyo tukubaliane mapema. Nitapitiliza.

Kwa wageni wasionifahamu, mimi ni mwalimu wa historia na uraia. Wanafunzi wananiita Mama Spika. Hawajawahi kuniita hivyo mbele yangu, na mimi sijawahi kuonyesha kwamba ninajua, na kwa utaratibu huo tumeishi vizuri sana. Jina limetokana na vipindi vyangu viwili vya Alhamisi, saa nne hadi saa tano na nusu, ambapo kidato cha tatu huacha kuwa darasa na kuwa nchi.

Nchi yenyewe ni mpya, bendera imepandishwa jana, rangi haijakauka. Mipaka yake ilichorwa na mtu aliyekuwa na rula nzuri na haraka ya kwenda kula. Ndani ya mipaka hiyo kuna watu wa mashamba, wanaolima zao la kuuza nje kwa sababu waliamriwa walime. Kuna watu wa reli, waliotandika chuma cha kulitoa zao hilo, na humo humo njiani wakajifunza kugoma. Na kuna watu wa malisho, ambao hawakuambiwa chochote na mtu yeyote, ila asubuhi moja waliamka wakakuta uzio kati yao na maji. Vyama vitatu. Mtawala ameondoka na kuwaachia ikulu moja, jeshi moja na kiti kimoja, kama mwenye nyumba anayepangisha chumba kimoja kwa familia tatu halafu anawatakia maisha mema. Swali la kipindi changu ni hilo tu: mnakaaje?

Mwanafunzi hachagui chama anachokipenda. Anachomoa kadi kwenye kofia, kofia ya baba watoto, aliyoitafuta mwaka mzima nyumbani na ambayo leo ndipo anajua ilipo. Marafiki wakitenganishwa na kadi, vizuri. Ndugu wakitenganishwa, vizuri zaidi. Na kwenye kadi, chini ya jina la chama, nimeandika sentensi moja: huwezi kurudi kwa watu wako bila kitu hiki. Bei ya zao. Mshahara. Njia ya kufika majini.

Idadi ya kadi naipanga mimi. Hapa nakiri hadharani, mbele ya mheshimiwa, kwamba nimeiba uchaguzi kila mwaka kwa miaka thelathini na nne na sijawahi kupelekwa mahakamani. Naiba ili asipatikane anayeweza kutawala peke yake. Darasa likiwa na watu arobaini na saba, Mashamba wanapata kumi na tisa, Reli kumi na saba, Malisho kumi na mmoja. Wale kumi na tisa hushangilia, hupiga madawati, huanza kugawana vyeo, mpaka yule mmoja wao anayejua kujumlisha anawanong'oneza kwamba zinatakiwa kura ishirini na nne. Ndugu zangu, kimya kinachofuata hapo ndicho kimya kitamu kuliko vyote nilivyovisikia katika kazi hii.

Ndipo wanapoanza kutafutana. Na ili wasifanye mzaha, nawapa madaraka ya kweli. Serikali watakayoiunda inatawala darasa muhula mzima. Wizara ya Usafi inaamua nani anafagia na nani anakwenda vyooni na ndoo. Wizara ya Madawati inaamua nani anakaa dirishani. Wizara ya Funguo inashika ufunguo wa kabati la vitabu, ambamo mna chaki na mpira pia. Mtu mzima atacheka. Lakini hebu mwambie kijana wa miaka kumi na saba kwamba atasugua vyoo mpaka likizo kwa sababu kiongozi wake alishindwa kuongea vizuri na watu kumi na mmoja, halafu uone kama atakwambia siasa hazimhusu.

Sasa nije kwa kijana wangu, mwalimu wa hisabati, ambaye nampenda kama mwanangu na ambaye ameomba vipindi vyangu vyote viwili kabla sijafungasha hata daftari moja. Simlaumu. Yeye kwake kila swali lina jibu moja, na jibu hilo liko nyuma ya kitabu. Jumatatu ijayo bodi inakaa, na ajenda ya nne inasema: matumizi ya vipindi vya Alhamisi baada ya mwalimu kustaafu. Mwenyekiti, usigeuze karatasi zako, ajenda haijavuja. Niliipiga chapa mimi mwenyewe, kwa sababu katibu muhtasi alikuwa likizo na ulisema apatikane mtu wa kuaminika.

Bodi ina wajumbe saba. Nimehesabu. Watatu wako nami, na wawili kati ya hao watatu wanajifanya hawako nami, hasa pale ninapowaangalia kama hivi. Watatu wako na hisabati. Wa saba ni mwalimu mkuu, na mwalimu mkuu mpaka leo hajasema neno. Kwa hiyo kipindi nilichokilea miaka yote hii, kikakua, kikaota meno, kinaishi au kinakufa kwa mkono wa mtu mmoja anayekunywa soda pale meza kuu bila kupepesa macho.

Je, mnajua kwa nini hasemi? Wengi wenu hamjui. Mimi najua, naye anajua kwamba najua.

Mwalimu mkuu alipita mikononi mwangu. Na mheshimiwa mbunge pia. Walikuwa darasa moja, mwaka wangu wa tatu wa kazi, na wote wawili walichomoa kadi kutoka kofia ileile. Mheshimiwa akaangukia Mashamba na akachaguliwa kuwa kiongozi kabla hajamaliza kusoma kadi yake. Mwalimu mkuu, wakati huo msichana mwembamba, binti wa fundi cherehani, akaangukia Malisho. Alikuwa haongei mpaka amalize kufikiri, tabia ambayo, mheshimiwa, ingekupunguzia mikutano mingi na waandishi wa habari.

Mheshimiwa alimfuata kwenye dawati lake akiwa na tabasamu, tabasamu hilo hilo mnaloliona kwenye mabango.

"Dada yangu," akamwambia, "tuungane. Mimi Waziri Mkuu, wewe chagua wizara unayoitaka."

"Funguo," akasema. "Na zamu ya vyoo izunguke vyama vyote, wiki kwa wiki."

"Hilo halina shida kabisa."

"Basi andika."

"Kwani hatuaminiani?"

"Tunaaminiana. Ndiyo maana hutaona tabu kuandika."

Akaandika. Wakatia saini, mimi nikashuhudia, na serikali ikaapishwa. Ilikuwa serikali nzuri. Kwa wiki nane vitabu vilitoka na kurudi kwa orodha, mpira haukupotea, na vyoo vilisuguliwa na watu wa vyama vyote, mheshimiwa mwenyewe nilimshuhudia na ndoo. Mwaka ule nikaanza kujiona mimi ndiye niliyegundua demokrasia.

Wiki ya tisa, Alhamisi, mheshimiwa akasimama akatangaza kwamba kwa maslahi mapana ya taifa, kuanzia Jumatatu vyoo vitasuguliwa na Malisho peke yao. Binti wa fundi akainua mkono.

"Mheshimiwa Spika, naomba makubaliano yasomwe."

Hapo ndipo nilipogundua kosa langu la kwanza: karatasi ilikuwa moja, na aliyekuwa nayo ni Waziri Mkuu. Akaitoa mfukoni. Akaitazama mbele na nyuma. Akaikunja mara mbili. Akaitia mdomoni.

Mheshimiwa, naona unafuta jicho, cheka tu, hapa ni nyumbani. Uliitafuna muda mrefu sana, maana ilikuwa karatasi ya daftari kubwa. Nilipokuuliza makubaliano yako wapi, ulinijibu "makubaliano gani?" na mdomo umejaa. Nimesoma kuhusu serikali za mseto katika bara hili zima, nimesoma mikataba iliyopotea, iliyokanwa, iliyosahaulika siku ya pili baada ya kiapo, lakini mkataba ulioliwa mbele ya Spika nimeuona kwako tu. Jioni ile nilimwambia baba watoto, huyu atafika mbali.

Malisho wakajitoa. Serikali ikaanguka saa tano na dakika ishirini, kengele ikalia, wakaenda zao. Na binti wa fundi akaenda na ufunguo wa kabati shingoni.

Kwa nini alikwenda nao? Kwa sababu ukutani kulikuwa na sheria. Nilikuwa nimeiandika kwa mkono wangu, kwa herufi kubwa, maana nilikwisha kuona katika vitabu vyangu nchi ngapi zilivyoharibika siku ile serikali inapoanguka, ambapo anayewahi ofisini ndiye anayechukua kila kitu. Sheria ilisema: serikali ikianguka, kila waziri anabaki na wizara yake, wala hakabidhi kwa mtu yeyote, mpaka serikali mpya iapishwe. Niliwakaririsha. Niliwapa mtihani juu yake. Binti yule alipata zote.

Sasa sikilizeni kosa langu la pili. Jumatano ya wiki hiyohiyo, mkuu wa shule wa wakati ule, Mungu amrehemu, alinikabidhi bahasha za mtihani wa kupanda kidato niziweke mahali penye kufuli. Shule nzima ilikuwa na kufuli moja zima. Nikamwomba Waziri wa Funguo anifungulie, nikaziweka bahasha, akafunga, nikamshukuru kwa niaba ya Bunge, nikaenda kunywa chai.

Jumatatu asubuhi akaja mkaguzi kutoka ofisi ya elimu, tai shingoni, mkoba mkononi. Mtihani ulikuwa uanze saa mbili na nusu. Mkuu wa shule akanigeukia.

"Mwalimu, ufunguo."

"Uko kwa mwanafunzi," nikasema.

Akaitwa binti. Mkuu akanyoosha kiganja.

"Lete."

"Siwezi, mwalimu. Serikali mpya haijaapishwa."

Mkaguzi akakohoa. Mkuu wa shule, ambaye alikuwa hajawahi kuambiwa siwezi na mtu aliyevaa sare, akavimba mpaka nikaogopa vifungo vyake vya shati.

"Nani amekufundisha upuuzi huo?"

Binti alinigeukia mimi. Na wala hakuniangalia kwa kunishtaki, ndugu zangu, aliniangalia kama mtu anavyomwangalia shahidi wake, akiwa na hakika kwamba sasa nitafungua mdomo na jambo litaisha.

Mimi nikatazama kucha zangu.

Basi akageuka, akaomba nusu saa. Mkuu akatuma mtu kumwita fundi seremala aje na tindo. Huku nje kwenye ujia, watu arobaini na saba wakaanza kuunda serikali wima wima, kwa kunong'ona, wakikimbizana na seremala. Mheshimiwa alitoa ahadi nyingi siku ile, ila hakuna aliyetaka kumpa karatasi. Reli wakakubaliana na Malisho. Kumi na saba na kumi na mmoja, ishirini na wanane. Seremala alipokuwa bado anachagua tindo, serikali ilikuwa tayari, kasoro kitu kimoja: hakukuwa na jaji wa kuwaapisha. Mimi nilikuwa bado kwenye kucha. Yule mkaguzi akaweka mkoba chini, akakaza tai, akauliza, "Mimi nitafaa?" Akawaapisha juu ya atlasi. Binti wa fundi akauvua ufunguo shingoni, akamkabidhi waziri mpya kutoka Reli, wakapeana mikono, kabati likafunguliwa. Ilikuwa saa tatu na dakika kumi.

Hadithi hii nimeisimulia miaka thelathini na moja. Nimeisimulia kwenye harusi, kwenye semina, kwenye foleni ya benki. Watu hucheka mpaka wanashika mbavu, na mimi siku zote huishia hapo kabati linapofunguka, halafu naomba chai. Baba watoto anaijua kwa moyo, na yeye pia hajawahi kusikia inayobaki.

Inayobaki ni hii. Mkaguzi alisaini kitabu cha wageni akaondoka. Dakika tano baadaye mkuu wa shule aliingia chumba cha mtihani, akamtoa binti kabla hajaandika jibu la kwanza. Barua ilikuwa imekwisha kupigwa chapa: amesimamishwa wiki mbili kwa kuficha ufunguo wa shule na kuvuruga mtihani. Barua ilihitaji saini ya mwalimu wa darasa. Mwalimu wa darasa nilikuwa mimi. Nikasaini. Kwa hiyo yule aliyewafungulia wenzake kabati hakuufanya mtihani uliokuwa ndani yake, wenzake wakapanda kidato, yeye akarudia.

Mchana baba yake akaja kumchukua. Alikuja na futi yake ya kupimia bado iko shingoni, alikuwa ametoka kazini mbio. Akaisoma barua taratibu, kwa kidole. Binti yake amesimama kando anatazama sakafu. Alipomaliza akanigeukia akaniambia, "Ahsante, mwalimu, kwa kunifunzia mtoto adabu. Nyumbani tutamalizana." Na mimi, mwalimu wa uraia, nikamjibu, "Karibu sana, mzee."

Kwa nini sikusema? Nilikuwa na sababu, tena nzuri. Nilikuwa bado sijathibitishwa kazini. Nilijiambia kwamba nikisema sheria ile ni yangu, kipindi kitafutwa, na wanafunzi wa miaka yote ijayo watakikosa, kwa hiyo afadhali mmoja aumie wiki mbili kuliko wote kukosa. Mnaitambua hesabu hiyo? Kila serikali ya mseto iliyovunjika ina mtu aliyepiga hesabu hiyo. Mambo yakiharibika, lawama hubebeshwa yule mshirika mdogo, mwenye kumi na mmoja, aliyeshika ahadi kuliko wote. Mwaka uliofuata niliifundisha hatari hiyo kama mada, na mifano mitatu ubaoni. Mfano wa nne alikuwa amekaa dawati la mbele, anarudia darasa, ananakili.

Niliona haya siku ile na naona haya leo.

Akakua. Akasoma, akawa mwalimu, akarudi hapa, akawa mkuu wangu. Miaka sita amekuwa akinisalimia kila asubuhi, "Shikamoo, mwalimu," kwa adabu ambayo hakuna mtu aliyehitaji kumfunza. Ijumaa iliyopita nikaenda ofisini kwake kutafuta kura ya saba. Nilikwenda na ujanja wangu wote, na maandazi.

"Shida yako nini, mwalimu?"

"Kura yako ya Jumatatu."

"Na mimi napata nini?"

Jamani, moyo wangu uliruka. Nilitamani kumpa maksi papo hapo.

La kwanza, alitaka vipindi vihame Alhamisi viende Ijumaa, baada ya hisabati, ili wanafunzi wafanye hesabu vichwa vikiwa bado baridi. Nikakubali. Mwalimu wa hisabati, hongera, nusu umeshinda. La pili, Wizara ya Funguo ifutwe, isisikike tena. Hapo nilibisha. Nilibisha robo saa nzima, nikatoa historia, nikatoa katiba, nikasogeza maandazi. Akasema, "Ifutwe." Nikakubali kwa shingo upande, nikapewa Wizara ya Kengele badala yake. Mwenyekiti, usishtuke, saa za shule hii zitayumba kidogo mwanzoni, mtazoea.

La tatu hakulisema. Alifungua mtoto wa meza akatoa faili la zamani, kurasa zimeanza kuwa za manjano, akaligeuza upande wangu. Barua ile. Saini yangu chini, nzuri, imekolea.

"La tatu unalijua, mwalimu," akasema. "Baba hajawahi kuniuliza upande wangu. Aliamini karatasi, kwa sababu ilikuwa na jina lako. Yuko hai. Ana miaka sabini na minane."

Nikamwuliza, nikilisema, kura ninayo? Akasema, "Sema kwanza." Nikamwambia basi niandikie. Akanitazama kidogo, akasema, "Mwalimu, karatasi huliwa."

Hapo, waheshimiwa, ndipo darasa langu hukwama kila mwaka, na ndipo nchi nzima nzima zimekwama kwa miaka. Kila mmoja anajua anachotakiwa kutoa. Kila mmoja anangoja mwenzake atangulie, kwa sababu anayetangulia anabaki mikono mitupu, hana dhamana yoyote, anaweza kuchekwa. Wanafunzi huniuliza, sasa Mama Spika, tunafanyaje? Samahani, huniuliza, sasa mwalimu, tunafanyaje? Na mimi miaka yote nimewajibu kwamba lazima mmoja akubali kutangulia. Nilikuwa nawaambia hivyo bila kuwa nimewahi kufanya.

Nilijaribu kufanya kimyakimya kwanza, sitawadanganya. Hili gauni mnalolisifia tangu asubuhi nimeshonewa na yule mzee. Nilikwenda dukani kwake mara tatu kupimwa. Mara ya kwanza nilikusudia kumwambia, nikatoka na vipimo. Mara ya pili nikatoka na vipimo vingine. Mara ya tatu akaniuliza kwa upole kama nina hakika mwili wangu unabadilika kwa kasi hiyo. Nikamwalika kwenye sherehe. Nikasema, njoo uone gauni lako likisimama mbele za watu.

Amekuja. Amekaa safu ya tatu, karibu na nguzo, shati jeupe.

Mzee wangu, shikamoo.

Mwaka ule uliponishukuru, haikuwa haki yangu kushukuriwa. Binti yako hakuficha ufunguo. Aliwekewa sheria na mwalimu wake, akaishika. Alipoulizwa na mkubwa nani amemfundisha, angeweza kunitaja kwa jina, na hakunitaja, alinipa nafasi niseme mwenyewe, na mimi nikaogopa. Barua uliyoisoma kwa kidole ilikuwa ya uongo, na saini iliyokufanya uiamini ilikuwa yangu. Nimewaapisha mawaziri zaidi ya mia tatu katika darasa lile, na wengine sasa ni mawaziri wa kweli, na sijapata aliyeishika ofisi yake kama yeye. Alikuwa na miaka kumi na saba. Ulimtoa hapa ukidhani umeaibishwa, kumbe ulikuwa na haki ya kutembea kifua mbele barabara nzima. Nakuomba radhi wewe. Namwomba radhi yeye. Naomba radhi mbele ya watu, kwa sababu mlivunjiwa heshima mbele ya watu.

Wajumbe wa bodi, Jumatatu mtapiga kura zenu. Mwalimu mkuu, wewe ya kwako iko mkononi mwako na sikudai, nilichokisema nimekisema hata kama vipindi vyote viwili vitakwenda kwa hisabati na hata kama Ijumaa nitakuwa nyumbani namwapisha baba watoto kuwa Waziri wa Vyombo. Mimi nimetangulia. Nimebaki mikono mitupu, na si kubaya huku kama nilivyodhani.

Mzee, tafadhali usijisumbue kusimama, nguzo iko karibu lakini... Haya. Basi. Mpisheni asimame. Ninyi wa safu ya pili, vuteni viti.

Mwalimu mkuu, usiniangalie mimi, mwanangu. Mwangalie baba yako.

Kwa masikio yenu, kwa uvumilivu wenu na kwa dakika zenu zote nilizoziiba, nawashukuruni sana. Naketi.